Nasaba Sokoni: Mama, Mtoto na Ualimu wa Kiingereza Bangkok

Machi 1862 meli ya mvuke Chow Phya ilipanda mto wa Bangkok ikitoka Singapore. Ndani yake alikuwamo mjane wa miaka 30, Anna Leonowens, pamoja na mwanawe Louis aliyekuwa hajatimiza miaka 6, yaya wa Kihindi aliyeitwa Beebe, na mume wa yaya huyo ambaye Anna katika maandishi yake anamtaja kwa jina la Munshi tu. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa neno hilo. Lilitufikia pwani kwa njia hiyohiyo ya Bahari ya Hindi, na kwetu pia lilikuwa jina la mtu ajuaye kuandika na kufundisha lugha kwa ujira. Munshi huyu alikuwa akimfundisha Anna Kiajemi. Basi sitaha moja ilibeba walimu wawili wa lugha. Mmoja alikuwa anakwenda kulipwa dola 100 kwa mwezi na kupewa nyumba na mfalme wa Siam, nchi tuiitayo leo Thailand; wa pili alikuwa anakwenda kama mmoja wa watumishi wake. Ukitafuta tofauti ya elimu kati ya wawili hao huipati. Anna hakuwa na shahada wala cheti cha ualimu. Kilichowatenga ni lugha waliyoifundisha, na zaidi ya hapo, asili ambayo kila mmoja wao aliaminiwa kuwa nayo.

Nasema makusudi "aliaminiwa", maana asili ya Anna ilikuwa ya kutungwa. Katika vitabu vyake na kwa watu waliomfahamu alijitambulisha kuwa bibi wa Kiingereza aliyezaliwa Caernarfon, Wales, mwaka 1834, binti wa kapteni na mjane wa meja. Ukweli ulifichuliwa miaka 61 baada ya kifo chake. W. S. Bristowe, aliyekuwa akiandika maisha ya Louis, alitafuta kumbukumbu za kuzaliwa kwa kijana huyo London asizione, akaanza kufuatilia nyayo hadi India na Australia, na mwaka 1976 akachapisha aliyoyapata. Watafiti wengine wamefuata, miongoni mwao Susan Morgan na Alfred Habegger, na leo hapana shaka juu ya mambo ya msingi. Wengi waliposoma ugunduzi huo walimwona Anna kuwa tapeli, wakaishia hapo. Mimi naona walifunga jalada mapema. Uongo wa mfanyabiashara hutueleza mnunuzi anataka nini, kwa sababu hakuna anayebuni sifa isiyo na bei. Naamini uongo wa Anna ni ushahidi kwamba kazi ya kufundisha Kiingereza ugenini, tangu zama hizo, ililipa nasaba ya mwalimu kabla ya kulipa ujuzi wake. Na kwamba aliyebanwa zaidi na bei hiyo ni mzazi mwenye mtoto mdogo, ambaye njaa ya nyumbani haimpi nafasi ya kungoja soko liwe la haki.

Tuanze na alikotoka. Ann Edwards alizaliwa Novemba 1831 huko Ahmednagar, India. Baba yake, Thomas Edwards, alikuwa fundi seremala aliyejiunga na jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India na kufikia cheo cha sajini. Alifariki binti yake akiwa bado tumboni. Mama yake aliolewa tena na askari wa Kiayalandi wa cheo cha chini. Upande wa mama, huenda bibi mzaa mama alikuwa na damu ya Kihindi, na jambo hilo katika India ya wakati ule halikuwa dogo. Tangu miaka ya 1790 Kampuni ilikuwa imewafungia milango ya vyeo watoto wa Waingereza waliozaliwa na mama wa Kihindi. Binti wa sajini, aliyekulia kambini, mwenye fununu ya damu mchanganyiko, alikuwa na Kiingereza kizuri, masikio mepesi ya lugha na akili inayochoma. Mambo hayo yote hayakuweza kumpa nafasi ya kukaa meza moja na wake wa maofisa. Siku ya Krismasi mwaka 1849 aliolewa mjini Poona na Thomas Leon Owens, kijana karani asiye na mali.

Miaka kumi iliyofuata ni ya familia inayohama na watoto wachanga mikononi, na ndiyo inayoeleza yote yaliyokuja baadaye. Mtoto wa kwanza, Selina, alifariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Wa pili, Thomas, alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1853 walikuwa Perth, Australia Magharibi, ambako Anna alijaribu kufungua shule. Mwaka 1854 akazaliwa Avis, na mwaka 1856 Louis, huko Lynton, kituo cha wafungwa kilicho pembezoni kabisa mwa koloni ambako baba yao alikuwa ameajiriwa kutunza bohari. Kutoka hapo walielekea Singapore kisha Penang, mume akapata kazi ya kusimamia hoteli. Mei 1859 alifariki ghafla. Amezikwa katika makaburi ya Waprotestanti ya George Town, hukohuko Penang. Anna alibaki na binti wa miaka minne na mvulana wa miaka miwili, bila urithi, bila pensheni, katika mji ambao mwanamke wa tabaka lake alikuwa na njia tatu za kuishi: aolewe upesi, arudi kwa jamaa waliokuwa maskini kama yeye, au afundishe.

Alichagua kufundisha, akahamia Singapore na kufungua darasa la watoto wa maofisa wa Kiingereza. Hapo ndipo mtu mpya alipozaliwa. Majina mawili ya marehemu, Leon na Owens, yaliunganishwa yakawa ukoo mmoja wenye mlio wa kigeni kidogo na wa heshima. Karani akapandishwa cheo kaburini akawa meja. Mahali pa kuzaliwa pakahamishwa kutoka Ahmednagar hadi Wales, nchi ambayo hakuna ushahidi kwamba alikuwa amewahi kuikanyaga. Mawasiliano na dada yake Eliza yakakatwa, kwa kuwa ndugu ndiye shahidi wa kwanza wa asili ya mtu. (Mjukuu wa Eliza huyo alikuja kuwa mwigizaji wa filamu za kutisha, Boris Karloff, naye pia kwa jina la kubuni.) Yatazame mabadiliko hayo kwa karibu uone yalichogusa na yalichoacha. Hakujipa shahada, wala hakudai kuwa amefundisha shule yenye jina. Kila alichobadilisha kilikuwa cha damu, ndoa na mahali. Mtu anayejua wateja wake anajua ni upande gani wa duka wa kupaka rangi. Wake wa maofisa wa Singapore hawakuuliza mwalimu amesoma nini. Waliuliza ni mtoto wa nani.

Mnunuzi aliyefuata alikuwa Mfalme Mongkut, na hapa nakutana na pingamizi la kwanza lenye uzito. Mtu anaweza kusema: mfalme huyu hakuwa akinunua damu. Alikuwa msomi, na alikuwa na sababu za maana za kutaka mwalimu wa Kiingereza. Ni kweli tupu. Mongkut alikuwa mtawa wa Kibuddha kwa miaka 27 kabla ya kutawazwa mwaka 1851. Katika miaka ya utawa alijifunza Kilatini na Kiingereza. Katikati ya miaka ya 1840 alifundishwa na mmisionari wa Kimarekani, Jesse Caswell, kwa makubaliano kwamba Caswell naye apewe chumba cha kuhubiria hapohapo katika eneo la hekalu. Alikuwa anaandika Kiingereza kwa mkono wake mwenyewe kabla Anna hajasikia habari zake. Mwaka 1861 aliiandikia Marekani akitaka kuipa tembo wa kuzaana, na jibu la Abraham Lincoln la kukataa kwa adabu liliandikwa Februari 1862, mwezi mmoja tu kabla Chow Phya haijatia nanga. Isitoshe, mwaka 1855 alikuwa ametia saini mkataba na Uingereza, kupitia John Bowring, uliozuia Siam isitoze zaidi ya asilimia 3 kwa bidhaa zinazoingia na kuwaweka raia wa Uingereza chini ya mahakama ya konseli wao. Mfalme aliyezungukwa na Burma na Malaya za Waingereza upande mmoja na Wafaransa upande wa pili alijua kwamba mwanawe atakayerithi lazima asome barua za mabalozi bila mkalimani.

Hata hivyo, kutaka lugha ni jambo moja. Kuchagua nani aifundishe ni jambo jingine. Walimu hawakukosekana Bangkok. Kuanzia 1851 wake watatu wa wamisionari wa Kimarekani, Bibi Bradley, Bibi Jones na Bibi Mattoon, waliwafundisha wanawake wa kasri kwa kupokezana, na mpango huo ulidumu kama miaka mitatu. Uliisha kwa sababu waliingiza dini katika kila somo. Ndiyo maana mfalme, alipomwalika Anna kwa barua kupitia konseli wake wa Singapore, Tan Kim Ching, alisisitiza kwamba anataka lugha, sayansi na fasihi, wala hataki watu wake wageuzwe Wakristo. Kwa maneno mengine alitafuta bibi wa Kiingereza asiye mmisionari: mwenye adabu za tabaka la juu la dola iliyokuwa inamtisha, ili watoto wake wazizoee adabu hizo tangu wadogo. Siasa yake siilaumu hata kidogo. Ilisaidia kuiacha Siam huru katika karne iliyowameza majirani zake. Lakini siasa hiyohiyo ndiyo iliyoifanya nasaba kuwa sehemu ya bidhaa. Msichana wa kambi ya Ahmednagar, kwa ujuzi uleule, sauti ileile na vitabu vilevile, asingepata barua ile.

Na hapo mtoto anaingia, wala si kama mzigo wa safarini. Mkataba ulipokubaliwa, Anna aliwagawa watoto wake. Avis, mwenye miaka saba, alipandishwa meli kwenda shule ya bweni Fulham, London, chini ya uangalizi wa marafiki. Louis alikwenda na mama. Watu husimulia mgawanyo huu kana kwamba ni jambo la moyo tu, wakisahau hesabu yake. Binti akisoma Uingereza, hadithi ya mama ilipata shahidi: familia ina mtoto "nyumbani", ina anuani, ina karo inayolipwa huko. Ile asili iliyobuniwa Singapore ilikuwa inajengwa kuwa ya kweli katika kizazi cha pili, na mshahara wa Bangkok ndio uliokuwa unanunua matofali. Gharama yake ililipwa na mtoto wa miaka saba aliyekaa zaidi ya miaka mitano bila kumwona mama yake. Sioni njia ya kulipunguza jambo hilo. Kwa upande mwingine, Louis alikuwa kinga. Mjane kijana anayeingia peke yake katika mji wa kigeni, kufanya kazi ndani ya kasri la wake na masuria, angezungumzwa vibaya tangu siku ya kwanza. Mvulana aliyemshika mkono alimtambulisha kabla hajafungua mdomo: huyu ni mama wa mtu, amekuja kazini.

Wapo watakaosema kwamba mama mwenye busara asingempeleka mtoto wa miaka mitano katika mji wa kipindupindu na homa, kwa watu asiowajua, kwa ahadi ya barua. Pingamizi hili ndilo la zamani zaidi dhidi ya kila mzazi anayehama na mtoto, na aghalabu hutolewa na mtu aliye salama alipo. Anna alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili kabla hajaiona Siam. Hapakuwa na mahali salama alipopaacha. Palikuwa na mahali palipolipa na mahali pasipolipa. Darasa la Singapore halikuwa likitosha. Bangkok kulikuwa na hatari na mshahara, na mshahara ndio daktari, ndio karo, ndio nyumba yenye mlango wa kufunga. Hata nyumba hiyo haikuja kwa urahisi: alipofika alikaa kwanza katika jumba la waziri mkuu, na suala la mahali pa kuishi likawa mvutano, mfalme akimtaka akae ndani ya kasri, yeye akitaka makazi yake nje ya kuta. Katika mvutano huo nasikia sauti ya mama zaidi ya sauti ya mwalimu. Mwenye mtoto anajua kwamba akilala ndani ya nyumba ya mwajiri, mtoto naye ameajiriwa.

Masomo yalifanyika ndani ya kasri. Idadi inayotajwa mara kwa mara, watoto 82, ni jumla ya watoto wote wa Mongkut katika maisha yake. Waliokaa mbele ya Anna walikuwa wale wa umri wa kusoma, pamoja na baadhi ya mama zao. Mrithi, Chulalongkorn, alikuwa na miaka minane. Louis alisoma na wana hao wa kifalme, akacheza nao, na akajifunza Kithai kwa njia ambayo haina ada wala kitabu, yaani kwa kugombania kitu na mwenzake na kutaka kueleweka hapohapo. Mama alikuwa analipwa kwa lugha aliyoileta. Mtoto alikuwa anaokota bure lugha aliyoikuta. Ukilinganisha thamani ya mali hizo mbili miaka ishirini baadaye, ya mtoto ndiyo iliyozaa zaidi, na nitaifikia. Mama naye kazi yake ilizidi ualimu. Mfalme alimtumia kuandika na kusahihisha barua zake za Kiingereza na za Kifaransa, saa yoyote alipohitaji, na mpaka kati ya mwalimu na karani ukafutika. Miaka mitano ilimchosha mwili. Mwaka 1867 aliomba likizo kwa ajili ya afya yake, akaondoka na Louis, akamwacha mvulana katika shule ya Ayalandi na yeye akaelekea Marekani. Oktoba 1868 Mongkut alifariki kwa homa aliyoipata alipokwenda kusini kutazama kupatwa kwa jua, tukio ambalo wakati na mahali pake alikuwa amevipiga hesabu mwenyewe. Anna hakurudi tena kazini.

Sasa niligeukie pingamizi zito kuliko yote. Kama uongo wa Singapore ulikuwa wa mama anayetafuta riziki, uongo wa baadaye tutauitaje? Mwaka 1870 Anna alichapisha kitabu juu ya miaka yake ya Siam, na baada ya hapo kingine juu ya maisha ya wanawake wa ndani ya kasri. Humo Mongkut anatokea kuwa mkatili. Zimo habari za magereza chini ya ardhi na za suria kuchomwa moto hadharani, mambo ambayo wanahistoria wa Thailand na wa nje wameyakataa wakionyesha hata kwamba ardhi ya Bangkok, yenye maji karibu na uso wake, haikubali mahandaki ya namna hiyo. Vitabu hivyo ndivyo vilivyomfikia Margaret Landon aliyeandika riwaya yake mwaka 1944, kisha mchezo wa jukwaani wa mwaka 1951 na filamu ya mwaka 1956, na dunia nzima ikamjua mfalme msomi wa Kibuddha kama mtu wa kuchekwa anayefundishwa adabu na mwanamke wa Kizungu. Thailand iliipiga marufuku filamu hiyo, na Wathai wana haki ya kukasirika. Simtetei Anna katika hili. Kujipamba ili mtoto ale ni jambo moja. Kumpaka matope marehemu aliyekulipa ni jingine. Ila naomba tuone kwamba mnunuzi ni yuleyule. Wasomaji wa Boston na London walitaka kumnunua bibi wa Kiingereza aliyeshuhudia ushenzi wa Mashariki, naye akawauzia, akiwa bado ana karo ya watoto wawili. Bidhaa ya kwanza ilimdhuru zaidi yeye mwenyewe na dada yake. Ya pili imedhuru taifa zima. Soko liliomba zote mbili kwa lugha moja.

Je, hiki si kisa kimoja tu cha mwanamke wa ajabu? Ningekubali kama kioo chake kisingekuwapo Berlin. Mwaka 1887 Wajerumani walianzisha seminari ya lugha za Mashariki, na kati ya lugha zilizofundishwa humo kwa maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wanaelekea makoloni ni Kiswahili. Walihitaji wasemaji wa asili, wakawachukua pwani kwetu. Mwaka 1900 alikwenda Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtu wa elimu ya dini na ya fasihi, ambaye kazi yake kubwa juu ya desturi za Waswahili ilichapishwa mwaka 1903 chini ya usimamizi wa Carl Velten. Kama kuzaliwa na lugha ndiko kunakompa mwalimu thamani, Mtoro angeheshimiwa kuliko wote waliokuwamo katika jengo lile. Kinyume chake aliwekwa chini ya mwalimu Mjerumani, na wanafunzi, ambao baadhi yao walikuwa watawala watarajiwa, walimkosea adabu darasani hadi akaiacha kazi mwaka 1905. Alipotaka kurudi kwao na mkewe Mjerumani, Bertha, mke alizuiwa kushuka melini katika koloni, maana serikali haikutaka kuona ndoa ya namna hiyo ikiishi pwani. Wakarudi Ujerumani, na huko ndiko Mtoro alikofia mwaka 1927. Anna alibuni nasaba akafunguliwa kasri. Mtoro alikuwa na nasaba ya kweli ya lugha aliyoifundisha, akafungiwa bandari ya kwao akiwa na mkewe. Kwa hiyo neno "msemaji wa asili" halikuwa na uzito wenyewe. Lilipata uzito kutokana na ukubwa wa dola iliyosimama nyuma ya lugha.

Mwaka 1901, Mtoro akiwa bado mgeni Berlin, meli ya jeshi la Marekani, Thomas, ilifika Manila mwezi Agosti ikiwa na walimu karibu 500 waliotumwa kufundisha Kiingereza katika Ufilipino, koloni jipya la nchi yao. Nusu karne baadaye Wafilipino walikuwa wamekifanya Kiingereza kuwa lugha yao ya shule na ofisi. Leo wamejaa katika madarasa ya Thailand, katika Bangkok ileile ya Anna, wengi wakiwa na shahada za ualimu kamili, na wengi wakiwa wamewaacha watoto kwa bibi zao. Na ni jambo lililozoeleka huko kwamba Mfilipino hulipwa pungufu kuliko Mwingereza au Mmarekani, hata pale ambapo huyo wa pili hana mafunzo ya ualimu. Korea Kusini nayo hutoa viza yake ya kawaida ya mwalimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwalimu wa Kenya au Uganda, aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi na kukifundisha miaka kumi, hayumo. Kile ambacho Anna alikipata kwa kubadilisha mahali pa kuzaliwa, leo kimeandikwa katika sharti la pasipoti.

Watetezi wa masharti hayo husema mtoto anayejifunza anahitaji lafudhi halisi, na kwamba mzazi anayelipa ana haki ya kuchagua. Kuhusu lafudhi, Anna mwenyewe anawajibu. Kiingereza chake kilikuwa cha India, cha kambi, cha watoto wa askari waliokua wakisikia Kimarathi na Kihindi mtaani. Na kwa muda wote wa uhai wake hakuna mwajiri aliyekitilia shaka, kwa sababu waliambiwa kimetoka Wales wakasikia Wales. Sikio la mwenye kulipa husikia alichoelezwa. Hata matunda hayakulalamikiwa: Chulalongkorn alikua akijimudu kwa Kiingereza, na walipokutana London mwaka 1897, yeye akiwa mfalme mwenye miaka 43 na mwalimu wake kikongwe cha miaka 65, alimshukuru. Wanaodai kwamba Anna ndiye aliyemfundisha kufuta utumwa wanamzidishia, maana kazi hiyo ilianza mwaka 1874 na kukamilika 1905, ikiwa na wengi nyuma yake. Lakini kwamba lugha aliifundisha vema, hilo hata wakosoaji wake hawalipingi. Kuhusu haki ya mzazi kuchagua, naikubali. Ninachouliza ni kwa nini chaguo hilo limegeuzwa kuwa sheria ya serikali na daraja la mshahara, na kwa nini gharama yake imetupiwa watoto wa walimu: yule anayeachwa kijijini kwa sababu mkataba wa mama yake hauna nafasi ya familia, wakati mwenzake mwenye pasipoti inayotakiwa anaandikiwa tiketi na karo tangu ukurasa wa kwanza.

Louis, yule mtoto wa sitahani, alizunguka dunia kabla ya kutulia. Baada ya shule alikwenda Marekani, kisha Australia, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akarudi Siam akiwa na miaka 20 na kitu. Hakurudi kufundisha Kiingereza. Chulalongkorn, rafiki wa darasani, alimpa cheo katika kikosi cha farasi, na baadaye akaingia biashara ya mbao za msaji kaskazini mwa nchi, kwanza na kampuni ya Borneo, ambayo ofisa wake wa Singapore alikuwa ameshiriki kumtafutia mama yake ajira. Katika misitu ile, kati ya machifu, wenye tembo na wakata magogo, Kithai alichookota kasrini akiwa mtoto ndicho kilichomlisha. Alimwoa Caroline, binti wa konseli Mwingereza na mama wa Kithai, na Caroline alipofariki mwaka 1893 watoto wao wawili walipelekwa Kanada kulelewa na bibi yao Anna, ambaye akiwa na zaidi ya miaka 60 alianza upya kazi ya kulea wajukuu wa bara jingine. Mwaka 1905 Louis alianzisha kampuni yake mwenyewe Bangkok. Yeye alifariki mwaka 1919, lakini kampuni iliendelea kufanya biashara katika mji huo kwa zaidi ya miaka 100, kwa jina la Leonowens, lile lililoshonwa Singapore kutoka majina mawili ya msimamizi wa hoteli, na mjane mwenye watoto wawili wa kulisha.